Kisu cha shangazi kimepotelea getini

Mhariri,

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu, muuza samaki wa Mambrui, hadi ofisi moja ya serikali hapa Malindi kufuatilia cheti. Alitoka sokoni moja kwa moja, kwa hiyo mkobani mlikuwa na kisu chake cha kupasulia samaki. Getini kijana akamwambia, "Mama, na hiki huingii," akakitia kwenye ndoo chini ya benchi. Hapo sina ugomvi naye, hata mimi ningemzuia. Ila hakuandika popote. Tulipotoka saa nane zamu ilikuwa imebadilika. Ndoo ipo, kisu hakipo.

Nikamuuliza askari mwenye bunduki. "Yule wa asubuhi si wetu, ni wa kampuni." Wa kampuni akasema asubuhi hupekua askari wa kaunti. Naye wa kaunti, kikombe cha chai mkononi, akacheka: yeye kazi yake ni pikipiki zinazoziba njia.

Kumbe kisheria hawa watatu hawachanganyiki. Kulinda mali ya serikali ni miongoni mwa kazi ambazo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliwapa Polisi Tawala, kikosi cha yule mwenye bunduki. Walikuwa na kitengo cha majengo ya serikali, ambacho baada ya mageuzi ya 2018 kinaitwa cha kulinda miundombinu muhimu. Amri zao zinatoka kwa Naibu Inspekta Jenerali, si kwa gavana wala kwa mkubwa wa ofisi anayelindwa. Askari wa kaunti si polisi, ameajiriwa na kaunti. Bawabu wa kampuni ana sheria yake ya 2016, inayomruhusu kukuuliza jina, na ilipotungwa ilimruhusu hata kukushikia kitambulisho kwa muda. (Wengi hukishika kana kwamba wao ndio waliokitoa.)

Haya yana maana pale unapokosewa. Polisi unaweza kumshtaki kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Bawabu je? IPOA haimhusu, itabidi umtafute mwajiri wake, ambaye jina lake limefutika kwenye fulana. Shangazi, aliyeamka saa kumi alfajiri, angeanzia wapi?

Ninaloomba ni dogo. Getini pawekwe kibao cha Kiswahili: anayepekua hapa ni nani, mkubwa wake ni nani, nambari ya malalamiko ni hii. Na kinachozuiliwa kiandikwe. Supamaketi ukiacha mzigo mlangoni unapewa kibati chenye nambari, hata kama mzigo wenyewe ni mchicha.

Kisu kina mpini wa mkoko uliofungwa uzi mwekundu, na ncha imevunjika kidogo. Shangazi anapatikana sokoni kila asubuhi.

Mkaazi wa Malindi