Baba, injini imewaka

Duluth, Minnesota
Januari

Baba, shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake.

Barua hii naileta kwako, sikuiweka kwenye kundi la familia, kwa sababu maneno ya kule yamenichosha. Ile sauti aliyoituma Kaka Shabani nimeisikiliza mpaka mwisho. Eti nimenunua ndege huku nyumba ya Ngamiani inavuja. Baba, sijanunua ndege. Nimeunda ndege. Tena tuko watatu, tunachangiana, na mchango wangu unatoka kwenye zamu za Jumamosi na Jumapili, haujagusa fungu la nyumbani. Fungu la nyumbani halijakatika hata mwezi mmoja, Mama ni shahidi. Na hela ya bati nilimtumia Kaka mwenyewe kabla ya mvua za vuli. Muulize bati liko wapi.

Hilo nitalirudia. Kwanza habari ambayo hapo nyumbani wewe ndiye utakayeielewa: injini imewaka.

Ni Rotax 912, inatengenezwa Austria. Ukubwa wake ni cc 1,352 tu, lakini inatoa nguvu ya farasi 100. Silinda nne, zimelala mbili huku na mbili huku kama za Subaru. Vichwa vinapozwa na maji, silinda zenyewe kwa upepo. Inafika mizunguko 5,800 kwa dakika, kasi ambayo panga boi haliiwezi, kwa hiyo mbele kuna gia ya kupunguza: injini izunguke 2.43 ndipo panga boi lizunguke mara moja. Kabureta ni mbili, na zisipolinganishwa sawasawa mtikisiko wote unaishia kwenye hiyo gia. Kazi hiyo ya kulinganisha wenzangu wameniachia mimi, maana wameona mkono wangu. Mkono huo nimeutoa kwako.

Ndege yenyewe ni Zenith CH 750, ya aluminiamu, inakuja vipande vipande kutoka Missouri. Kiunzi tulikimaliza bila shida kubwa. Kufunga injini ndiko kulikokula muda. Inakaa kwenye fremu ya mabomba ya chuma, nayo fremu inashika ukuta wa chuma unaomtenga rubani na moto. Mipira ya petroli tumeivisha gamba la kuzuia moto. Kila nati ina mkazo wake ulioandikwa, unakaza kwa spana yenye geji, kisha unapitisha kotapini au unafunga kwa waya wa kusokota, na waya lazima uvute upande wa kukaza. Waya wa kwanza niliukata nikaurudia, nikauona haujanyooka kama wako wa karakana ya reli. Mzee mmoja wa hapa, fundi wa ndege tangu ujana wake, aliupitisha kidole akauliza nimefundishwa wapi. Nikamjibu: Tanga, na baba yangu.

Halafu oili. Injini hii haiweki oili chini, inaiweka kwenye tenki la pembeni na pampu inaivuta kwa mpira. Ukiiwasha mpira una hewa, vyuma vinasagana vikavu. Tukafungua plagi za juu, tukasukuma hewa ya kompresa kidogo ndani ya tenki, nami nikawa nazungusha panga boi kwa mkono. Upande wake wa kawaida tu, maana ukilizungusha kinyumenyume unaingiza hewa kwenye tapeti. Nilizungusha mpaka sindano ya geji ikanyanyuka. Injini haijawashwa bado, na presha ya oili ipo! Nilikukumbuka ulivyomtoa nje yule kijana aliyepiga stata kabla ya kuchomoa kijiti cha oili.

Baridi ya huku si ya Lushoto. Asubuhi hiyo ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na bandani hakuna nafuu kubwa. Oili inakuwa nzito, betri inalegea, petroli haitaki kuwa mvuke. Na injini hii isipozungushwa angalau mara 220 kwa dakika, plagi hazitoi cheche kabisa, utapiga stata mpaka betri ife. Kwa hiyo usiku kucha tuliipasha kwa vipasha vya umeme vilivyobandikwa kwenye tenki na kwenye injini, juu tukaifunika blanketi. Asubuhi niliingiza mkono chini ya blanketi, nikakuta chuma kina uvuguvugu.

Tukazuia magurudumu, tukafunga mkia kwa kamba, mwenzangu mmoja akasimama na mtungi wa kuzimia moto. Choki nikaivuta yote, mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi, nikaurudisha mwisho kabisa, kwa sababu ukiufungua hata kidogo choki ya Rotax haifanyi kazi. Nikapaza sauti watu wakae mbali, nikapiga stata. Ikakohoa, ikashika. Wenzangu walikuwa wanatazama panga boi. Mimi nilitazama geji ya oili tu, maana sekunde 10 zikipita bila presha unazima. Ilipanda pale pale. Nikaiacha mizunguko 2,000 kwa dakika mbili, kisha 2,500, mpaka oili ilipofika nyuzi 50. Ikatulia, sauti moja, safi. Nililia, Baba. Nakuambia wewe.

Kaka anasema hakuna ndege ya bandani. Mwambie huu mji wa Duluth ndiko Cirrus wanakounda ndege zao, na kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1984 na ndugu wawili, Alan na Dale Klapmeier, kwenye banda la shamba la wazazi wao kule Wisconsin. Ndege yao ya kwanza ilikuwa ya kujiundia mwenyewe. Ndugu wawili, Baba, wa tumbo moja, walishikana. Mimi wangu ananitangaza mbele ya mashangazi siku ya Idi.

Bado hatujaruka. Serikali itakuja kuikagua kwanza, kisha tutairusha saa 40 za majaribio bila abiria, katika eneo tutakalopangiwa. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe ya wajenzi wenyewe, na mjenzi mmoja anaweza kupewa cheti cha ufundi cha kuikagua ndege hiyo kila mwaka. Wenzangu wamekubali jina litakaloandikwa liwe langu. Jina lako, yaani.

Mimi mzima, kazi ipo. Ila jioni hizi jua linazama mapema mno, na nakaa nafikiria Raskazone, na mkate wa kumimina wa Mama ukitoka jikoni.

Sasa ya kiwanja cha Pongwe. Kisiuzwe. Nasikia Kaka ameshaleta mnunuzi mara ya pili. Hati itoke kabatini kwake irudi kwa Mama wiki hii. Ada ya Zuhura pale VETA nitailipa chuoni moja kwa moja, anitumie namba ya malipo yeye mwenyewe. Bati nitanunua tena, lakini dukani atakwenda Ami Rajabu, na risiti ipigwe picha niletewe mimi.

Nitakupigia Ijumaa baada ya swala. Uwe karibu na simu, nataka nikusikilizishe injini.

Mwanao,
Omari