Kingamwili isinunuliwe kwa kuamini lebo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wakuu wa maabara, wanafunzi wa shahada za juu na hasa maofisa manunuzi wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, kuhusu kingamwili (protini zinazonasa protini nyingine maalumu ili zionekane) za kuchunguza protini zinazokata na kuunga RNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, katika samaki pundamilia, samaki mdogo wa maabara. Kichupa cha mikrolita 100 hugharimu mamia ya dola, na kisipochaguliwa kwa makini hutoa majibu ya uongo yanayoonekana mazuri.

Ukataji na uungaji wa RNA uligunduliwa mwaka 1977, na Phillip Sharp na Richard Roberts wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Protini za kazi hiyo, kama SF3B1, PRPF8 na SRSF1, zinafanana mno kati ya samaki huyu na binadamu. Kwa mtu, kasoro za PRPF8 huharibu retina na kupofusha taratibu. Kiinitete cha samaki pundamilia hukua nje ya mama na mwili wake unapenya mwanga, kwa hiyo jicho linaonekana likijengeka.

Ufanano huo ndio unaowaponza wanunuzi. Kingamwili nyingi zimetengenezwa kwa peptaidi (kipande kifupi cha protini) ya binadamu, na maneno "inafaa kwa samaki pundamilia" mara nyingi yana maana kwamba muuzaji amelinganisha mfuatano wa asidi amino tu, hajapima. Kabla ya kusaini profoma, ulizeni peptaidi iliyotumika ni ipi, kisha ilinganisheni wenyewe na protini ya samaki. Mababu wa samaki hawa waliwahi kuongezewa jenomu nzima (jeni zao zote) maradufu, hivyo pale binadamu ana SRSF1 moja, samaki ana srsf1a na srsf1b. Kingamwili moja inaweza kushika zote mbili, moja tu, au isishike hata moja. Ombeni pia picha ya kipimo kilichofanywa kwa samaki mwenyewe, ikiwa na sampuli ambayo jeni husika imezimwa. Muuzaji asipokuwa nayo, ombeni kichupa cha majaribio cha mikrolita 10 au 20.

Anayeona tunazidisha hofu aangalie kingamwili ya SC35. Kuanzia 1990 ilitumika duniani kote kama alama ya protini SRSF2 ndani ya kiini cha seli. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba inachoshika hasa ni protini nyingine, SRRM2. Picha zilikuwa safi miaka yote hiyo; jina la kilichopigwa picha ndilo lililokosewa.

Hata kingamwili nzuri huharibiwa mezani. Kosa kubwa katika westani bloti ya viinitete (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa ndani ya jeli, kisha huzihamishia kwenye utando ambako kingamwili huzionyesha kama mistari) ni kutoondoa kiini cha yai. Protini zake ni nyingi kiasi cha kujaza jeli na kufunika mistari ya protini adimu. Ondoeni ganda la yai, wekeni viinitete katika maji ya chumvi baridi yasiyo na kalsiamu (sodiamu kloridi milimola 55, potasiamu kloridi 1.8, sodiamu baikaboneti 1.25), vuteni na kusukuma kwa pipeti ya mikrolita 200 hadi kiini kipasuke, kisha zungusheni taratibu, mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kwa sekunde 30. Mwageni maji ya juu, osheni tena. PRPF8 ni protini kubwa, ina uzito wa takriban kilodaltoni 273: kwa jeli nzito na uhamishaji wa saa moja itabaki kwenye jeli, nanyi mtadhani haipo. Tumieni jeli ya asilimia 6 na kuihamisha usiku kucha kwenye baridi. Protini za kundi la SR, kama SRSF1, nazo hubeba fosfati nyingi, hivyo mstari hukaa juu kuliko uzito uliokokotolewa. Gawanyeni sampuli, nusu itiwe kimeng'enya cha kuondoa fosfati. Mstari ukishuka, mmepata uthibitisho mmoja.

Kuna mtego mwingine mgumu zaidi. Mkizima jeni na mstari usitoweke, msikimbilie kuitupa kingamwili. Mama huweka protini na RNA zake ndani ya yai, na kwa jeni hizi akiba hiyo inaweza kudumu siku kadhaa. Wakati mwingine jeni pacha hujaza pengo: jeni tardbp ikizimwa, RNA ya pacha wake, tardbpl, hukatwa na kuungwa kwa namna nyingine, ikatoa protini ndefu inayochukua nafasi yake.

Kwa mazingira yetu, baridi ya Juni na Julai inahitaji hita ya kuaminika. Viinitete hulelewa katika nyuzi 28.5; maji yakipoa Mbeya au Njombe usiku, kiinitete cha "saa 24" huwa bado nyuma. Hesabuni pingili za misuli, msitegemee saa ya ukutani.

Safari ya kutoka Dar es Salaam yenyewe si tishio kubwa. Kingamwili nyingi huvumilia siku moja mbili za joto. Kinachoziua ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, umeme ukikatika au friza ikiwa ni ile inayojiyeyushia barafu. Gaweni siku ileile kwa mikrolita 10 hadi 20, andikeni namba ya bechi kwenye kila kichupa. Zilizounganishwa na peroksidesi (kimeng'enya cha kutoa ishara) zisigandishwe kabisa, wala zisitiwe sodiamu azaidi, dawa ya kuzuia vijidudu, kwani huua kimeng'enya hicho.

Kwa maofisa manunuzi tuna ombi moja: katika zabuni, msibadilishe namba ya katalogi kwa sababu kuna kampuni inayouza "kingamwili hiyohiyo" kwa bei nafuu. Kloni (ukoo wa seli zinazotengeneza kingamwili) tofauti ni kingamwili tofauti, na kipimo chote huanza upya.

Walimu na mafundi sanifu wa maabara,
Mbeya na Iringa