Mbwa akigoma njiani, kijana aruhusiwe kumrudisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini ambalo sisi tunaofuga mbwa katika mitaa ya Dar es Salaam tunalikosea kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma na fukuto limeukalia mji. Ni jambo la kuwatembeza mbwa juani, hasa wale wa aina ambazo hazikuzoea joto la pwani. Ninaloliomba kwa wafugaji wenzangu ni moja: yule kijana tunayemkabidhi mnyororo apewe pia ruhusa ya kumrudisha mbwa nyumbani anapoona ameshindwa, bila kusubiri simu yetu na bila kuhofia mshahara wake.

Nimesukumwa kuandika na niliyoyaona wiki iliyopita, saa kumi kasorobo alasiri, hatua chache kutoka kwangu Mikocheni. Kijana mmoja alikuwa amesimama na mnyororo mkononi, na mwisho wa mnyororo huo kulikuwa na bulldog aliyejibwaga kwenye kipande cha kivuli cha ukuta kisichozidi upana wa khanga. Alikuwa amelibana tumbo kwenye vitofali na kuitandaza miguu ya nyuma kama chura. Ulimi umemtoka na kupanuka nchani kama upawa, rangi yake imekuwa ya damu ya mzee, na kila akivuta pumzi anakoroma kama mtu aliyelala chali. Nilipomwambia kijana amrudishe, alinijibu kwa adabu, “Mzee wangu, bosi amesema mpaka lami kubwa na kurudi, na kamera ya getini inamwonyesha saa niliyotoka na saa niliyorudi.” Tuliomba mpira wa maji kwa jirani, tukammwagia mbwa kuanzia shingoni hadi tumboni kwa dakika kumi hivi, na alipoweza kusimama nikamsindikiza kijana hadi getini ili kama kuna lawama zianzie kwangu.

Sikuwa na uso wa kumlaumu yule bosi, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa bosi wa namna hiyo. Februari, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa na mbwa wa aina ya boxer niliyemwita Duma, dume la miaka minne lenye afya na nguvu za kumwangusha mtu mzima. Nilikuwa nimepanga atembezwe kila siku saa kumi, kwa hesabu kwamba saa kumi ni jioni na jioni jua limepoa, nayo ilikuwa hesabu ya mtu anayeshinda ofisini chini ya kiyoyozi. Siku hiyo kijana wangu alinipigia simu akasema, “Mzee, Duma amelala chini, hataki kutembea.” Nikamjibu kwamba huyo anadeka tu, amvute. Baada ya robo saa alipiga tena, safari hii akilia. Wa nyumbani walimpakia mbwa kwenye gari wakaingia barabarani kwenda kliniki, foleni ikawashika karibu saa nzima, na katika muda wote huo hakuna aliyemmwagia hata kikombe kimoja cha maji, kwa kuwa kila mmoja aliamini kuwa kazi hiyo ni ya daktari. Duma alifika akiwa hai, akafa usiku uleule.

Daktari alinieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kununua mbwa. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu. Likifika 41 na kuendelea, utumbo, figo, ini na ubongo huanza kuharibika, na damu hupoteza uwezo wake wa kuganda inavyotakiwa, ndiyo maana mbwa anaweza kuonekana amepata nafuu jioni akafa kesho yake. Sisi hutoka jasho mwili mzima, ilhali mbwa ana tezi chache za jasho kwenye nyayo ambazo hazimsaidii sana, na tegemeo lake kubwa ni kutweta, yaani kupitisha hewa upesi upesi juu ya ulimi na ndani ya pua ili mate yakauke na kuondoka na joto. Kazi hiyo huenda vizuri penye hewa kavu. Katika fukuto la Dar es Salaam, ambako jasho la mtu hutiririka mgongoni bila kukauka, mate ya mbwa nayo hayakauki, kwa hiyo hutweta zaidi, na kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli inayozidi kuzalisha joto.

Sasa mchukue bulldog, pug, boxer, Pekingese au wale bulldog wadogo wa Kifaransa ambao siku hizi kila anayejenga nyumba mpya anamtaka mmoja. Hawa tumewapenda kwa sababu ya uso wao uliobonyea, na uso huo ndio unaowaua, kwa kuwa matundu ya pua ni membamba, nyama ya nyuma ya kaakaa ni ndefu kiasi cha kuziba koo, na nafasi ya kupitisha hewa ni ndogo hata mbwa akiwa amekaa tu kivulini. Husky naye, ambaye sasa namwona hadi Goba na Mbezi Beach, alizalishwa kwa ajili ya kukokota mizigo kwenye theluji ya Siberia akiwa na manyoya ya tabaka mbili. Wapo wanaodhani dawa yake ni kumnyoa upara, na wamekosea, kwa sababu tabaka la juu humkinga na jua. Linalofaa ni kumchana mara kwa mara ili yale manyoya laini ya ndani yanayopukutika yatoke. Mbwa wanene, wazee, wadogo mno na wenye ugonjwa wa moyo nao wahesabiwe katika kundi hilihili.

Asiyeniamini mimi na awaamini watafiti wa Uingereza, nchi ambayo joto lake la kiangazi sisi tungeliita baridi ya Julai. Walipopitia kumbukumbu za kliniki za mbwa zaidi ya laki tisa za mwaka 2016, walikuta kwamba chow chow, yaani mbwa wa asili ya China wenye manyoya mazito, na bulldog walizidiwa na joto mara nyingi sana kuliko Labrador. Na katika uchunguzi wao mwingine, kama matukio matatu katika kila manne yalitokana na mazoezi, matembezi yakiwamo, wala si kufungiwa ndani ya gari kama wengi wanavyodhani. Taarifa yao ya mwaka 2023 ndiyo iliyonichoma zaidi, maana ilionyesha kuwa ni kama mbwa mmoja tu katika kila watano aliyepozwa kabla ya kupelekwa kliniki. Kumbe kosa la nyumbani kwangu hufanywa hata huko.

Sisemi mbwa wasitembezwe. Mbwa wetu wengi hushinda ndani ya banda lenye paa la bati hadi usiku wanapofunguliwa kulinda, na kumnyima mbwa wa namna hiyo matembezi ni ukatili mwingine. Ninachosema ni kwamba saa zibadilishwe. Mwanzoni mwa Machi jua la Dar es Salaam hupita juu ya utosi hasa, na kwa saa zetu hufika kileleni karibu saa sita na nusu mchana. Kuanzia hapo lami na vitofali huendelea kumeza joto alasiri yote, na uso wa lami unaweza kupita nyuzi 50 wakati kipimo cha hewa kinasoma 32 tu. Sisi tuna viatu, na pua zetu ziko juu; mbwa anakanyaga pekupeku, na tumbo lake liko shubiri mbili kutoka kwenye moto huo. Anayetaka kujua aweke mgongo wa kiganja chake kwenye lami ahesabu polepole hadi saba, na akishindwa kufika, mbwa asitoke. Saa nzuri kwa miezi hii ni alfajiri, tangu saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu hivi, au usiku baada ya saa mbili, na kwa mwenye pua fupi robo saa inatosha. Hata alfajiri unyevu haupungui, kwa hiyo mwendo uwe wa kutembea, si wa kumkimbiza ili achoke mapema.

Kuna vitu vidogo ambavyo havina gharama. Kijana abebe chupa ya maji na kibakuli, ampe mbwa kidogo kidogo kila wanaposimama, na kabla ya kutoka amloweshe tumbo, mapaja kwa ndani na nyayo. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko ukosi unaomkaba koo, na kile kifungio cha mdomo kinachobana taya kisitumike kabisa kwenye joto, kwa sababu mbwa asiyeweza kupanua mdomo hawezi kutweta. Kama sharti afungwe, kiwe cha muundo wa kikapu kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa. Zile fulana za kupozea mbwa zinazouzwa mitandaoni hufanya kazi kwa maji kukauka, kwa hiyo Dodoma kabla ya mvua zitasaidia kuliko huku kwetu, na mimi nisingezitegemea. Wanaopeleka mbwa ufukweni wakumbuke kwamba mchanga mkavu nao huunguza, kwamba maji ya bahari yakinywewa huleta kutapika na kuharisha, na kwamba bulldog haogelei, huzama.

Mbwa wa kienyeji hahitaji kufundishwa lolote kati ya haya. Mtazame mbwa koko saa saba mchana: amefukua mchanga wenye unyevu chini ya mwarobaini au chini ya lori bovu, amejilaza humo kimya, na hata ukimtupia mfupa huutazama kwanza kama anayepima iwapo unastahili safari. Wa kwetu hana uhuru huo, kwa kuwa mwili wake unamwambia lala na mnyororo unamwambia twende.

Na mbwa akishazidiwa, yaani akianza kuyumba, ute wake ukawa mzito wa kuvutika, ufizi ukawa mwekundu sana au ukapauka, akatapika au akaanguka, apelekwe kivulini na amwagiwe maji papo hapo, mengi, mwili mzima isipokuwa puani, huku akipepewa kwa chochote kilichopo, hata kipande cha katoni. Maji ya bomba yanatosha. Kinachotakiwa ni yawe ya baridi kuliko mbwa mwenyewe. Taulo lililolowa lisiachwe limemfunika, maana baada ya muda hugeuka blanketi. Umwagaji usikatishwe kwa ajili ya kutafuta gari. Hatua ya kliniki ifuate mbwa akiwa ameanza kupoa, na ndani ya gari apewe upepo, kwa sababu foleni za mji huu hazina huruma na mgonjwa yeyote.

Nimesikia hoja kwamba vijana na walinzi wengi ni Waislamu na hawapendi kugusana na mate ya mbwa. Hoja hiyo ni ya kweli na iheshimiwe, lakini mpira wa maji hauhitaji mtu amguse mbwa, na wao wenyewe ndio walionikumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa sitegemei kumwona askari amechuchumaa Mikocheni akipima lami kwa kiganja. Ninaowategemea zaidi ni maofisa mifugo wa kata. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na kila penye kampeni ya chanjo wanaoleta mbwa ni vijana walewale wanaowatembeza, tena wiki chache tu kabla joto halijaanza kupanda. Pale kwenye foleni ya sindano, dakika tano za kuwaeleza dalili za mbwa aliyezidiwa na joto, na kuwatuma wakawaambie mabosi wao, zingefika mahali ambapo barua yangu haifiki.

Kwangu sasa yupo jike la chotara mwenye manyoya mazito, na kijana ni yuleyule wa siku ya Duma. Jumapili iliyopita alitoka naye saa kumi na mbili asubuhi akarudi baada ya dakika nane, na mbwa akaenda moja kwa moja kujilaza chini ya tangi la maji. Sikumwuliza kitu.

Mfugaji wa mbwa,
Mikocheni, Dar es Salaam