Shemeji na Mgahawa wa Kiitaliano wa Kweli

Bronx, New York

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na shemeji nyuma yako nimemsikia vizuri sana akiagiza: mkifika New York anataka chakula cha Kiitaliano cha kweli, kwenye mtaa wa Waitaliano wenyewe, si cha kudanganyia watalii. Mtu aliyekulia Malindi, kati ya Waitaliano wa pale, ana haki ya kudai hivyo. Basi nimekaa nikuandikie sawasawa, maana kwa simu tutaishia kucheka tu.

Kwanza, Mulberry Street iondoeni kwenye ratiba. Hiyo ndiyo Little Italy ya Manhattan, na kila mgeni huelekezwa huko. Bendera zipo, taa zimetundikwa juu ya barabara, picha mtapiga nzuri. Lakini mtaa umeshamezwa na Chinatown, na makadirio ya sensa yaliyotoka mwisho wa 2010 hayakumpata hata mkazi mmoja aliyezaliwa Italia. Kilichobaki ni migahawa iliyopangana, na mlangoni kuna mtu kashika menyu anawaita wapita njia kama mpiga debe wa matatu. Mimi nikishaitwa hivyo hamu inaniisha. Mgahawa unaoishi kwa watu wa mtaa wake hauna haja ya kumshika mtu mkono. Mkipita huko kwa bahati, ingieni Di Palo's, pale Grand Street. Familia hiyo inauza jibini tangu 1910, na foleni yake ina maana. Nunueni jibini, kisha mkale kwingine.

Kwingine ni huku kwetu, Belmont. Watu wanauita Arthur Avenue kwa jina la barabara yake, ingawa nusu ya raha iko East 187th Street inayoikata. Pandeni treni ya Metro-North pale Grand Central mshuke Fordham, halafu ni kutembea. Treni ya D nayo inafika Fordham Road, ila mtakuwa na mwendo mrefu zaidi, au mdandie basi la Bx12. Njooni Jumamosi asubuhi, na msikimbilie kukaa mezani.

Nawaambia hivyo kwa sababu mgahawa wa Kiitaliano unaujulia dukani. Pishi lao halina pa kujificha: nyanya, unga, mafuta ya zeituni, jibini, basi. Sisi nyanya zikiwa mbovu tutaongeza bizari, tutaongeza tangawizi na ukwaju, mambo yaende. Wao hawana hiyo nafasi. Kwa hiyo kama jirani ya mgahawa hakuna muuza jibini wala muoka mikate wa maana, na wapishi nao hawaonekani wakinunua, jiulize hicho chakula kinatoka wapi.

Anzeni Borgatti's, wanaotengeneza pasta tangu 1935. Kiduka kidogo tu. Unga wa mayai umeshasukumwa, uko mapande mapande mapana. Unaonyesha upana unaoutaka, muuzaji anaupitisha kwenye mashine mbele ya macho yako, zinatoka tambi laini, anazikunja kwenye karatasi unaondoka nazo. Kisha ingieni sokoni, jengo la Arthur Avenue Retail Market. Lilifunguliwa 1940, enzi za meya La Guardia, ambaye hakutaka tena kuona mikokoteni ya wachuuzi barabarani, akawaingiza chini ya paa. Humo kuna nyama, mboga, jibini, na hata mafundi wanaosokota sigara kwa mkono, Mungu atusamehe.

Nje ya Cosenza's, duka la samaki, kuna meza hapo hapo kwenye njia ya miguu. Muuzaji anafungua chaza na kombe kwa kisu, anavipanga juu ya barafu, unakamulia ndimu unakula umesimama. Sisi Mashafii vya baharini havitupi tabu, kwa hiyo msione haya.

Sasa hapo shemeji atanikatiza: "Lakini mpishi ni Mwitaliano?" Shoga, mwambie ukweli. Mara nyingi siye. Migahawa na maduka kadhaa ya mtaa huu yako mikononi mwa Waalbania, na wengine wao walikaa Italia kabla ya kuvuka huku. Jikoni utakuta Wameksiko. Na Teitel Brothers, duka ambalo watu hapa wamelitegemea kwa mafuta ya zeituni tangu 1915, ni la familia ya Kiyahudi; tazameni sakafuni mlangoni mtaona nyota ya Daudi imetengenezwa kwa vigae. Akikunja uso, mkumbushe kwetu. Pale Malindi pasta inayowanyamazisha wazee wa Kiitaliano mezani, nani anaipika? Si vijana wa Kigiriama? Anayelinda chakula ni mlaji mkali, yule anayerudisha sahani jikoni bila haya. Mtaa ukiwa bado na walaji wa namna hiyo, mpishi azaliwe popote.

Na kingine asije akakishangaa. Sehemu kubwa ya chakula cha hapa hakifanani na kile cha Malindi wala cha Roma. Waitaliano waliohamia New York kati ya miaka ya 1880 na 1924, kabla sheria haijawafungia mlango, wengi walikuwa maskini wa kusini, wa Napoli, Calabria na Sicilia. Kwao nyama ilikuwa kitu cha sikukuu. Huku wakaikuta rahisi, wakaila kwa fujo: vikababu vikubwa juu ya spageti, kuku wa kukaangwa aliyefunikwa sosi na jibini. Mwitaliano wa Italia atakwambia hivyo si vyake, na ni kweli. Lakini ni vya Bronx, na vina miaka mingi. Mimi sioni uongo wowote humo.

Kuhusu halali, hapa soma polepole. Nyama ya mtaa huu iacheni yote. Sosi nyekundu ya Jumapili mara nyingi imechemka na nguruwe ndani, hata kama sahani yako haina kipande. Kombe wa kwenye pasta hutiwa mvinyo mweupe, ila ukiomba mapema wanaweza kukupikia bila. Penne alla vodka imeshajitaja yenyewe. Cannoli, zile zinazojazwa jibini tamu, ganda lake la kienyeji hukandwa kwa mvinyo na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla hamjauma. Hata mkate una mambo: kuna ule wenye vipande vya nguruwe ndani, na ukiutazama haraka utadhani ni zeituni. Wa zeituni wenyewe upo Madonia, waokaji wa tangu 1918. Usione aibu kumhoji weita. Kati ya Waalbania kuna Waislamu wengi, na ukimpata mmoja atakunong'oneza yote bila kuzunguka.

Haya, mle wapi? Shemeji akitaka vituko, mpeleke Dominick's. Meza ni za kuchangia na wageni, menyu ya kusoma hakuna, weita anasimama anataja vilivyopikwa. Bei muulizeni hapo hapo, msingoje bili. Lakini kwa nyinyi wawili, na kwa haya masharti yenu, chaguo langu ni Zero Otto Nove. Jina maana yake sifuri nane tisa, namba zinazotangulia simu za mji wa Salerno, Italia, anakotoka mpishi aliyeuanzisha, na piza yao inaokwa kwenye tanuri la kuni. Agizeni margherita, mwongeze samaki kama yupo. Hiyo ndiyo itakayomkumbusha shemeji piza za nyumbani, anyamaze.

Bakshishi huku ni kama asilimia 20, na hawaoni kuwa ni hisani. Mje na pesa taslimu pia.

Nitumie tarehe ya ndege mapema niombe ruhusa kazini, maana Jumamosi zangu nyingine nina zamu. Mamako msalimie sana, na watoto wabusu.

Shogako