Karpov hakushindwa na hatua ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mchezo wa chesi ambao Tony Miles wa Uingereza alimshinda bingwa wa dunia, Anatoly Karpov, mjini Skara, Sweden, mwaka 1980. Mwandishi anadai kwamba Karpov alivurugwa na ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, usio wa kawaida. Hatua zenyewe hazisemi hivyo.

Ni kweli kwamba kumjibu aliyeanza na e4 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari) kwa kusogeza askari wa pembeni hadi a6, kisha mwenzake b5, kunachekesha, na Miles mwenyewe alisimulia jinsi watazamaji walivyocheka. Hata hivyo, kufikia hatua ya saba askofu wake alikuwa b7 akiulinda mshazari mrefu, askari wake wa c5 alikuwa ameshakigonga kitovu (katikati ya ubao), na Karpov, kwa kumla askari huyo, alikibomoa kitovu chake kwa mkono wake mwenyewe. Miles, aliyecheza na weusi, hakuwa na shida yoyote.

Mambo yaliharibika baadaye. Karpov alipeleka farasi g5 katika hatua ya 19, akamrudisha askofu hadi b1 na farasi hadi e4, na katika hatua ya 23 akamweka malkia d3, shabaha ikiwa h7, kando ya h8 alikojificha mfalme mweusi. Ukilitazama juujuu, shambulio hilo linatisha. Miles alibadilishana ngome, kisha malkia wake akamla askari wa b2, na hapo ndipo msomaji apange kete ubaoni atazame kwa utulivu: huo haukuwa uroho, kwa kuwa malkia sasa anaitishia ngome ya c1, na ikiliwa, mfalme mweupe anashambuliwa papo hapo, hivyo farasi wa e4 hana wasaa wa kuondoka na kumfungulia malkia wa Karpov njia ya h7. Karpov akaokoa ngome. Askari wake wa e5 naye akaliwa. Mweupe alirudishiwa mmoja tu, d7, na akakubali kushindwa baada ya hatua 46.

Nayaandika haya kwa sababu vijana ninaowafundisha wameanza kuiga a6 kana kwamba ni dawa. Juzi mmoja alinichezea hivyo, na hatua ya 15 ilipofika farasi wake wa g8 alikuwa hajainuka. Nilipomuuliza c5 iko wapi, alinijibu kwamba gazeti halikuitaja.

Msomaji wenu,
Tanga