Mnaotugawia Zaburi za maadui, someni na ya 130

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mlinzi wa usiku katika yadi ya mbao hapa Mafinga, Mlutheri wa kawaida, si mchungaji wala mwinjilisti. Nina neno kwa watumishi wanaotugawia Zaburi za kuwapiga maadui.

Rekodi zao zimejaa kwenye simu. Shemeji yangu alinitumia moja mwezi wa sita, nilipokatwa mshahara baada ya mwenzangu wa zamu kupeleka maneno kwa msimamizi. Mtumishi anaelekeza: amka saa tisa usiku, weka maji na chumvi kwenye beseni, soma Zaburi ya 35 mara saba huku ukitaja jina la adui yako. Kwanza nilicheka, maana saa tisa usiku mimi niko macho kwa mshahara. Lakini "upigane nao wanaopigana nami" ni maneno matamu mno kwa mtu mwenye kinyongo, na jina la kutaja nilikuwa nalo mdomoni.

Sina ugomvi na Zaburi ya 35. Ni Neno, na aliyeonewa kweli ana haki ya kumlilia Mungu hivyo. Ila nimeisoma yote, na kwenye mstari wa 13 kuna jambo ambalo rekodi hizi zinaliruka: Daudi anasema maadui hao hao walipougua, yeye alivaa gunia akafunga. Bado sijamsikia mtumishi anayeagiza mstari huo.

Iliyonishika mimi ni ya 130. Iko kati ya zile nyimbo 15 za kupanda mlima, kuanzia ya 120 hadi ya 134. Ina mistari 8 tu, unaimaliza kwa tochi ya simu kabla chaji haijashuka. Inaanzia chini kabisa: "Toka vilindini nimekulilia." Nikadhani sasa atamtaja aliyemtumbukiza huko. Wapi! Anasema: "Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?"

Lindoni tuna kitabu cha matukio. Umeingia saa ngapi, nani amepita getini, msimamizi amekuja saa ngapi na amekukuta unafanya nini. Akikukuta umesinzia anaandika, na kilichoandikwa hakifutwi. Mwisho wa mwezi unakiona kwenye makato. Sasa fikiria kitabu cha namna hiyo kiwe cha maisha yako yote, na anayeandika halali. Asingesimama mwenzangu, nisingesimama mimi, wala yule mtumishi wa kwenye rekodi.

Mstari unaofuata ndio ulionisumbua usiku mwingi: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Kwa akili ya lindoni ingekuwa kinyume. Msimamizi anaogopwa kwa sababu anakata mshahara. Siku akianza kusamehe, watu watalala. Lakini msimamizi mkali unampigia saluti, akigeuka tu unarudi kujikunyata. Aliyekusamehe kitu ambacho usingeweza kukilipa maisha yako yote, huyo unamheshimu hata akiwa hakuoni. Nilipolielewa hilo nilivua kofia, nikaimba tenzi kwa sauti ya chini katikati ya mirundo ya paina. Kanisani huwa naimba kwa sababu wote wamesimama.

Halafu Zaburi inatutaja sisi wenyewe: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Anayedhani kurudia kule ni pambo la wimbo, aje alinde Mafinga mwezi wa saba. Kuanzia saa tisa ukungu unashuka hadi mrundo wa tatu huuoni. Moto hauruhusiwi kwenye yadi ya mbao, kwa hiyo una koti lako na chai ya chupa, basi. Unatazama mashariki, giza. Unazunguka yadi nzima, unatazama tena, giza lile lile. Lakini hakuna mlinzi anayejiuliza kama kutakucha. Kutakucha tu, ila huwezi kuiharakisha asubuhi, na chumvi haisaidii.

Mwinjilisti wetu alitusimulia kwamba Luther aliitungia Zaburi hii wimbo, ukachapwa mwaka 1524. Tena John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliisikia Zaburi hii ikiimbwa katika kanisa la St Paul's, London, alasiri ya tarehe 24 Mei 1738, na jioni ya siku ile ile, kwenye mkutano wa ibada mtaa wa Aldersgate, ndipo moyo wake ukapata joto. Nami nikaona kumbe siko peke yangu.

Na mwisho wake usomwe vizuri: "Yeye atamkomboa Israeli na maovu yake yote." Maovu yake mwenyewe, Mhariri. Jirani mchawi hayumo, wala mfanyakazi mwenzako. Mtu anaweza kuona maadui wake wote wameshindwa na bado akabaki vilindini.

Shemeji nimemtumia ya 130 kwa sauti yangu. Kajibu kuwa ni nzuri ila haina nguvu. Tunaendelea kubishana.

Ombi langu kwa watumishi ni hili: mtu akiwajia analia kuhusu adui, mpeni kwanza hii ya 130 aisome taratibu. Kama baada ya hapo bado mnaona ya 35 ni lazima, basi msiikate katikati, na huo mstari wa 13 muutolee rekodi yake peke yake.

Mlinzi wa usiku,
Mafinga, Iringa.