YAH: Kopo la maziwa lililomdhuru mwanangu, tawi lenu la Likoni

Kwa Meneja,

Salamu kwa heshima.

Cheti cha daktari nilichomkabidhi mhudumu wenu kinasomeka bila miwani: mtoto wa miezi mitano, mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, apewe maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Akanipa kopo la maziwa yasiyo na laktosi, akasema ni yale yale. Si yale yale. Laktosi ni sukari ya maziwa. Kinachomdhuru mwanangu ni protini, na kopo lile protini yake ni nzima. Muuza dawa hajui hilo?

Lakini kilichonikaa rohoni ni siku niliporudi. Mtoto begani, mwili umemtoka mabaka, na nepi yenye damu na kamasi nimeifunga kwenye mfuko niwaonyeshe. Mhudumu hakuutazama hata huo mfuko. Alicheka, akasema, "Mama, hilo ni chango tu. Mkande tumbo, au mjaribishie maziwa ya mbuzi." Ya mbuzi! Protini zake zakaribiana mno na za ng'ombe. Daktari alinikataza tangu siku ya kwanza.

Usiku huohuo tulivuka feri mtoto akitapika, akalazwa siku mbili. Na kabla ya hapo, jambo nililoliruka, nilikuwa nimewapigia simu siku tatu mfululizo. Kila mara niliambiwa nitapigiwa. Sijapigiwa mpaka leo.

Narudia, Meneja, usije ukasema hukuelewa. Nilisimama kwenye kaunta yenu nimeshika damu ya mwanangu mkononi, foleni nzima ikinitazama, na mfanyakazi wako akacheka. Akamwambia mwenzake kwamba mama wa siku hizi hawajui kulea. Huyu ni mtoto wangu wa tatu.

Nilipoanza kuandika nilitaka nirudishiwe pesa za kopo tu. Sasa nataka na gharama zote za hospitali, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe mwenyewe, na yule mhudumu asiuze tena maziwa ya watoto. Nawapa siku 7. Zikipita, cheti, risiti na picha za nepi zitafika Bodi ya Famasia na Sumu, kisha tutaonana Mahakama ya Madai Madogo. Kopo bado ninalo, na maziwa yamo.

Wako,
Mama wa mtoto aliyelazwa
Likoni, Mombasa